Vyumba Vidogo vya Uhai: Habari ya Jinsi Seli Zilivyojulikana



 Leo tumekusudia kuwaeleza habari za kitu ambacho kila mmoja wetu anacho, tena kwa wingi mno, walakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kukiona kwa macho yao. Kitu hicho ni seli. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30, na trilioni moja ni milioni mara milioni. Mchicha wa bustanini, mbuzi wa zizini, papa wa baharini na mbuyu wa porini, kila kimoja kimejengwa kwa seli. Wala seli hazimo mwilini kama fedha zilivyomo mfukoni, ambazo zikitolewa mfuko hubaki. Mwili wenyewe ndio seli, pamoja na vitu ambavyo seli zimevitengeneza.

Hatutaki kuwatajia sehemu za seli tu, kama mtu asomaye orodha ya bidhaa dukani. Twataka kuwasimulia jinsi wanadamu walivyozijua. Tangu seli ilipoonwa na kupewa jina, hata ilipofahamika kwamba yatoka wapi, ilipita miaka karibu 190. Kilichowachelewesha wataalamu si udhaifu wa macho peke yake, bali ni ugumu wa swali moja: Je, kitu chenye uhai chaweza kutokea katika kitu kisicho na uhai? Jawabu la swali hilo liligeuza elimu ya utabibu, na mwisho wa habari yetu utatufikisha hapa hapa Afrika ya Mashariki, katika damu ya watoto wetu.

Kizibo cha chupa

Mwaka 1665 kilitolewa London kitabu kiitwacho Micrographia. Mtungaji wake, Robert Hooke, alikuwa hajatimiza miaka 30. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wataalamu wa Jumuiya ya Kifalme ya London majaribio mapya kila walipokutana. Hooke alikuwa na hadubini, yaani chombo chenye lenzi cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.

Siku moja alichukua kizibo cha chupa, kile kitengenezwacho kwa ganda la mti mmoja uotao katika nchi za kando ya Bahari ya Kati. Kwa kisu kikali alikata kipande chembamba sana. Kwa kuwa kipande kilikuwa cheupe, alikiweka juu ya kibao cheusi, kisha akakielekezea mwanga kwa lenzi. Akaona kwamba kizibo kizima kimejaa matundu madogo yaliyotengwa kwa kuta nyembamba, mfano wa sega la asali. Matundu hayo akayaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vyumba vidogo, na neno hilo ndilo lililotufikia sisi likawa seli.

Hooke alipenda hesabu. Alipima akaona ya kuwa seli zipatazo 60 zikipangwa mstari hujaza sehemu moja ya 18 ya inchi. Kwa hiyo inchi moja huwa na seli 1,080, na kipande cha inchi moja kila upande, urefu, upana na kimo, huwa na seli 1,259,712,000. Mwenyewe alistaajabu, akasema hesabu hiyo isingeaminika kama hadubini isingeishuhudia. Kwa hesabu hiyo aliweza kueleza kwa nini kizibo ni chepesi, kwa nini huelea majini, na kwa nini hurudi umbo lake kikibonyezwa: ni kwa sababu kimejaa vyumba vya hewa.

Lakini tuangalie jambo moja. Kizibo ni ganda lililokwisha kufa. Hooke aliona kuta za vyumba ambavyo wenyeji wake walikuwa wamekwisha kuhama. Alipotazama mimea mibichi aliona kwamba vyumba vyake vina maji, akadhani labda ni njia za kupitishia utomvu. Haikumpitia moyoni kwamba kile kilichomo chumbani ndicho kilicho hai, na kwamba ukuta ni kazi yake tu.

Mfanya biashara wa nguo

Wakati ule ule, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, alikuwako mfanya biashara wa nguo jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa zamani zile. Aliandika kwa Kiholanzi tu. Lakini mikono yake ilikuwa na ustadi wa ajabu katika kusugua lenzi. Vyombo vyake vilikuwa na lenzi moja, ndogo mno, na kimoja kilichobaki hata leo hukuza kitu zaidi ya mara 200.

Leeuwenhoek alitazama kila kitu: maji ya ziwa, damu, utando wa meno yake mwenyewe. Mwaka 1674 alieleza chembe nyekundu za damu. Mwaka 1676 aliiandikia Jumuiya ya Kifalme barua ndefu kwamba ndani ya maji ameona vijidudu vingi visivyo na kifani kwa udogo, vikienda huku na huku. Huko London wengine hawakusadiki. Basi akawaita watu wa kuaminika mjini kwake, wakatazama kwa macho yao na kutia ushahidi wao katika maandiko. Naye Hooke, ambaye angaliweza kuona wivu, alijitahidi kutengeneza vyombo bora, na mwezi wa Novemba 1677 aliwaonyesha wenzake vijidudu vile vile. Vingi vya vijidudu hivyo, twajua leo, ni viumbe vyenye seli moja tu kila kimoja. Seli hiyo moja hula, hujongea, huzaa na kufa, bila kumtegemea jirani.

Hivyo basi, kabla ya mwaka 1700 watu walikuwa wamekwisha kuona seli za mimea, seli za damu, na viumbe vya seli moja. Wangaliweza kudhani kwamba vitu hivi vitatu ni vya ukoo mmoja? Hawakudhani. Kuona ni jambo moja, na kufahamu uonacho ni jambo jingine.

Meza ya chakula mjini Berlin

Kwa zaidi ya miaka 100 elimu hii ilikwenda polepole. Hadubini za siku zile zilikuwa na ila kubwa: lenzi zilitawanya nuru, kila kitu kikazungukwa na rangi kama za upinde wa mvua, na mtu asijue lipi ni la kweli na lipi ni la kioo. Mwaka 1830 Joseph Jackson Lister wa London, ambaye biashara yake ilikuwa mvinyo, alitangaza namna ya kuziunganisha lenzi ili kuipunguza ila ile. Tangu hapo mambo yakaenda kwa kasi.

Mwaka 1831 Mskoti aitwaye Robert Brown, aliyekuwa akichunguza maua ya okidi, alionyesha kwamba ndani ya kila seli ya majani yake mna kidoa kimoja cha mviringo. Akakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kokwa, nasi twakiita kiini. Wasikilizaji wasikichanganye kiini hiki na kiini cha yai la kuku. Hilo ni jambo jingine, nasi tutalitaja baadaye.

Palikuwa na Mjerumani mmoja, Matthias Schleiden, aliyekuwa mwanasheria kisha akaiacha sheria akajitia katika elimu ya mimea. Mwaka 1838 aliandika kwamba mmea mzima ni seli, na kwamba kiini kina kazi kubwa katika kufanyika kwa seli. Siku moja alikaa kula pamoja na rafiki yake Theodor Schwann, aliyekuwa akichunguza miili ya wanyama mjini Berlin. Schleiden akaeleza habari za viini vya mimea. Schwann akakumbuka mara moja kwamba ameona viini kama hivyo katika uti wa viluwiluwi vya vyura. Wakaondoka kwenda kutazama, wakaona ni kweli. Mwaka 1839 Schwann alitoa kitabu kikubwa, akasema kwamba mimea na wanyama, wajapotofautiana kwa sura, hujengwa kwa kitu cha namna moja.

Neno hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Mpaka siku ile mtu aliweza kufikiri kwamba muhogo na mkulima aupandaye ni viumbe visivyohusiana kabisa. Schwann aliwaonyesha watu kwamba msingi wa nyumba zote mbili ni mmoja.

Walakini watu hawa wawili, waliokuwa sahihi katika jambo lile kubwa, walikosea katika jambo jingine. Walipoulizwa seli mpya hutoka wapi, walijibu kwamba hugandama ndani ya majimaji, kama chembe za chumvi zigandamavyo maji ya bahari yanapokauka. Kwa maneno mengine, walidhani kwamba uhai waweza kujitunga wenyewe kutoka katika umajimaji usio na umbo. Kwa kuwa walikuwa watu wenye sifa, kosa lao lilienea pamoja na kweli yao.

Mtu aliyenyimwa kiti

Aliyelisahihisha kosa hili ni Robert Remak, mzaliwa wa Posen, mji uliokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Remak alikuwa Myahudi, na kwa sheria ya Prussia ya siku zile Myahudi hakuruhusiwa kufundisha katika chuo kikuu. Aliambiwa abadili dini yake apewe nafasi, akakataa. Alifanya kazi kama msaidizi asiye na cheo, akijitafutia riziki kwa uganga. Mwaka 1847, baada ya kumpelekea mfalme maombi, aliruhusiwa kutoa mafundisho mjini Berlin, akawa Myahudi wa kwanza kufanya hivyo katika utabibu katika chuo kikuu kile. Ukufunzi kamili hakuupata mpaka alipokufa mwaka 1865.

Tangu mwaka 1841 Remak alikuwa amekwisha kuona chembe za damu za vifaranga visivyoanguliwa zikigawanyika, moja kuwa mbili. Hakuharakisha kupiga mbiu. Alitazama tena na tena, akachunguza mayai ya vyura tangu yakiwa seli moja, yakiwa mbili, nne, nane, na kuendelea, akaviimarisha vitu hivyo kwa dawa hata utando wa kila seli ukaonekana wazi wakati wa kugawanyika. Mwaka 1852 alitangaza kwamba seli mpya haigandami katika majimaji. Hutoka katika seli iliyotangulia, kwa kugawanyika.

Mwaka 1855 Rudolf Virchow, tabibu mwenye sifa kubwa, aliandika jambo lilo hilo kwa maneno machache ya Kilatini yenye maana kwamba kila seli hutoka katika seli. Maneno yale yalikuwa yametumiwa zamani na Mfaransa Raspail, na ushahidi mwingi ulikuwa wa Remak, lakini Virchow hakumtaja Remak. Hata leo vitabu vingi humpa Virchow heshima yote. Sisi twaona ni haki kumtaja aliyefanya kazi, hata kama hakupewa kiti.

Pamoja na hayo Virchow naye ana fungu lake. Mwaka 1858 aliwahutubia matabibu wa Berlin mara 20, akawaeleza kwamba ugonjwa haumo katika mwili mzima kama moshi ndani ya nyumba, wala hauletwi na kuharibika kwa majimaji ya mwili kama wazee walivyofundisha tangu zamani za Wayunani. Ugonjwa, alisema, una mahali pake, na mahali hapo ni katika seli. Tangu siku zile tabibu akitaka kujua uvimbe ni wa namna gani, hukata kipande kidogo akakitazama kwa hadubini. Na hata leo hufanya vivyo hivyo.

Miaka michache baadaye, tangu 1859 hata 1862, Mfaransa Louis Pasteur alichemsha supu ndani ya chupa zenye shingo ndefu zilizopindwa kama shingo ya bata. Hewa iliingia, lakini vumbi lenye vijidudu lilinaswa njiani, na supu haikuoza. Alipoivunja shingo, ikaoza. Basi hata kiumbe kidogo cha seli moja hakijitungi chenyewe, kina mzazi. Wahenga wetu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wataalamu wa Ulaya walitumia miaka mingi kupata hakika kwamba neno hilo ni kweli hata kwa kiumbe kisichoonekana kwa macho.

Ndani ya chumba

Sasa na tuingie ndani ya seli tuione kama tuijuavyo leo. Mwanafunzi mwenye hadubini shuleni aweza kuanza na kitunguu. Na aondoe ngozi ile laini iliyo baina ya tabaka na tabaka, aitandaze juu ya kioo, aitie tone la maji na tone la iodini. Ataona vyumba vimepangwa kama matofali, na ndani ya kila chumba kidoa kimoja. Hicho ndicho kiini cha Brown.

Seli ya mmea na seli ya mnyama zina mambo manne zinazoshirikiana. Kwanza ni utando, ngozi nyembamba iizungukayo seli. Unene wake ni sehemu 7 au 8 za milioni ya milimita. Utando huu ni kama bawabu: vingine huvipitisha, vingine huvizuia. Maji hupita upesi kuliko chumvi. Ndiyo sababu mpishi akitia chumvi katika kachumbari na kuiacha kidogo, huona maji yamejaa bakulini: chumvi iliyo nje huyavuta maji ya ndani ya seli za nyanya na matango, yakapenya utando yakatoka.

Pili ni ute uliojaa ndani ya utando, ambamo kazi nyingi za seli hufanyika. Wataalamu huuita sitoplazimu. Tatu ni mitokondria, vijisehemu vilivyopewa jina mwaka 1898 na Mjerumani Carl Benda. Hivi ndivyo mafiga ya seli. Chakula tulacho, kikiisha kusagwa na kuingia damuni, huunguzwa humo polepole kwa msaada wa hewa tuivutayo, kikatoa nguvu za kwenda, kufikiri na kutia joto mwilini. Seli za misuli ya moyo, zisizopumzika usiku wala mchana, zina mitokondria nyingi sana.

Nne ni kiini. Mwaka 1882 Walther Flemming wa Kiel alieleza, baada ya kutia rangi seli za viluwiluwi vya salamanda, kwamba seli inapotaka kugawanyika, ndani ya kiini hutokea nyuzi. Kila uzi hupasuka kwa urefu wake kuwa nyuzi mbili zilizo sawa, na kila seli changa hupata fungu lake kamili, pasipo dhuluma wala upendeleo. Nyuzi hizo ndizo kromosomu, nazo ndani ya seli ya mwanadamu ni 46. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, wakitumia pia picha zilizopatikana katika kazi ya Rosalind Franklin, walieleza umbo la kitu kiitwacho DNA kilichomo katika nyuzi hizo. DNA ni mfano wa kitabu cha maagizo: ndimo ilimoandikwa jinsi seli itakavyotengeneza kila kitu chake.

Kuna mambo matatu ambayo seli ya mmea inayo, na ya mnyama haina. La kwanza ni ukuta mgumu ulio nje ya utando, ule aliouona Hooke. La pili ni chumba kikubwa cha maji katikati ya seli, kiitwacho vakuoli. Maji yake huusukuma ukuta kwa ndani, seli ikakaza kama mpira uliojazwa upepo. Mtazameni mgomba: hauna mfupa wala mbao, lakini husimama wima na kubeba mkungu mzito. Nguvu zake ni kuta za seli na maji yaliyomo. Maji yakipungua wakati wa kiangazi, majani hunywea. Mvua ikinyesha, husimama tena.

La tatu ni kloroplasti, vijisehemu vya kijani kibichi. Humo mwanga wa jua hutumiwa kuunganisha maji na hewa ya ukaa, vikawa sukari, na hewa safi ya oksijeni ikatolewa nje. Mnyama hana kloroplasti, kwa hiyo hana budi kula. Akila majani, au akimla mwingine aliyekula majani, chakula chake chote kimeanzia katika vijisehemu hivyo. Mimea yapika, wanyama wala; lakini figa la kuunguzia, yaani mitokondria, wote wanalo.

Seli hazilingani kwa ukubwa wala umbo. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa sehemu 7 au 8 za elfu ya milimita. Yai la mwanamke, ambalo ni seli moja, lina upana upatao sehemu moja ya kumi ya milimita. Na ile sehemu ya njano ya yai la kuku asiyepandwa na jogoo, ambayo sisi twaiita kiini cha yai, ni seli moja iliyovimba kwa akiba ya chakula. Tangu 1931, Ernst Ruska na Max Knoll walipoonyesha mjini Berlin mwanzo wa hadubini itumiayo elektroni badala ya nuru, vitu vidogo mno vya ndani ya seli vilianza kupatikana, na mwaka 1945 picha ya kwanza ya seli nzima kwa chombo cha namna hiyo ilitolewa New York.

Damu ya watoto wetu

Tuliahidi kwamba habari hii itafika nyumbani. Chembe nyekundu ya damu ni seli ya ajabu. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa, na kabla ya kuingia katika damu hukitupa kiini chake, ili ipate nafasi ya kubeba kitu chekundu kiitwacho hemoglobini, kichukuacho oksijeni. Umbo lake ni kama kisahani cha mviringo kilichobonyea katikati. Huishi siku zipatazo 120, kisha huvunjwa, na nyingine hushika mahali pake.

Mwaka 1880 Alphonse Laveran, tabibu wa jeshi la Ufaransa katika Constantine nchini Algeria, aliona katika damu ya mgonjwa kijidudu cha malaria. Kijidudu hiki nacho ni seli moja. Huingia ndani ya chembe nyekundu, hula hemoglobini, huzaana, kisha huipasua chembe ile na kutafuta nyingine. Nako Chicago, mwaka 1910, tabibu James Herrick alieleza habari ya mgonjwa ambaye chembe zake nyekundu hazikuwa za mviringo, bali nyingine zimepinda kama mundu. Ugonjwa huo twauita selimundu. Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa myembamba, zikamletea mgonjwa maumivu makali, na huvunjika upesi, damu ikapungua.

Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alifuatana na msafara wa kwenda Mlima Kenya, akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona jambo la kustaajabisha: pwani, na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na dalili ya selimundu katika damu yao bila kuugua, lakini nyanda za juu, kwenye baridi, hawakutimia mtu mmoja katika 100. Kwa nini? Akakumbuka kwamba pwani na ziwani ndiko kwenye malaria nyingi.

Akarudi akapima watoto 290 karibu na Kampala. Katika watoto 43 wenye dalili ile, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Katika watoto 247 wasio nayo, 113 walikuwa navyo. Kwa hesabu ya mia, ni 28 kwa 46. Mwaka 1954 alitangaza kwamba mtu aliyerithi agizo la selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu agizo hilo limedumu katika nchi zetu vizazi kwa vizazi: liliwaokoa wengi. Lakini mtoto akilirithi kwa baba na kwa mama pia, huugua selimundu. Wazazi wote wawili wakiwa na agizo moja moja, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Hapa ndipo elimu ya seli inapogusa maisha. Katika nyumba nyingi mtoto wa namna hii alipougua mara kwa mara, watu walitafuta wa kumlaumu. Mama alisemwa kwamba ameleta mkosi, au jirani alishukiwa kuwa mchawi, na nyumba ikavunjika. Sasa twajua kwamba hakuna aliyekosa. Baba alitoa fungu lake na mama fungu lake, kwa kanuni ile ile ya nyuzi aliyoiona Flemming, wala hakuna awezaye kuchagua nyuzi zake. Tena tusidanganyike kwamba mtoto mgonjwa wa selimundu amekingwa na malaria. Kinga ni ya yule mwenye agizo moja. Mgonjwa mwenyewe malaria humdhuru vibaya. Afikishwe kwa tabibu mapema, alazwe ndani ya chandarua, na wazazi wapimwe damu wajue hali yao.

Twafunga mazungumzo yetu kwa kurudi pale tulipoanza. Kila seli hutoka katika seli. Kila mmoja wetu alianza kwa seli moja, nayo ilitokana na seli za baba na mama, nao kwa wazazi wao, na mnyororo huo haukukatika hata mara moja tangu uhai ulipoanza duniani. Mfanya biashara wa nguo, mwanasheria aliyeacha sheria, na Myahudi aliyenyimwa kiti, kila mmoja aliongeza pete moja ya maarifa juu ya mnyororo huo. Makosa yao yalisahihishwa na wengine waliotazama tena kwa uvumilivu. Nasi tukiwa na jambo lisiloeleweka nyumbani, hasa ugonjwa wa mtoto, na tuyaangalie kwanza yanayoweza kuonekana kabla ya kumnyoshea mtu kidole.